Sahihi ya Mfalme na Sauti ya Dhamiri: Funzo Kutoka Ubelgiji

Tarehe 28 Septemba 2024, hayati Baba Mtakatifu Francisko, akiwa katika hija ya kitume nchini Ubelgiji, alisali mbele ya kaburi la Mfalme Baudouin huko Laeken. Kesho yake, mwishoni mwa Ibada ya Misa Takatifu jijini Brussels, akatangaza nia ya kuanzisha mchakato wa kumtangaza mfalme huyo kuwa Mwenyeheri. Tangazo hilo limeliamsha upya swali lililoitikisa Ubelgiji mwaka 1990: Je, mfalme aliyefungwa na Katiba anaweza kukataa kutia sahihi sheria iliyopitishwa na Bunge?

Kwetu Tanzania na Kenya, Rais ni Mkuu wa Nchi na pia Mkuu wa Serikali. Katika ufalme wa kikatiba, dhamana hizi mbili zimetenganishwa. Waziri Mkuu anaongoza Serikali na kuwajibika mbele ya Bunge. Mfalme ni alama ya umoja na mwendelezo wa Taifa. Mwaka 1867, mwandishi Mwingereza Walter Bagehot alieleza kwamba mfalme wa namna hii amebakiwa na haki tatu: kutakwa shauri, kutia moyo na kuonya. Nchini Ubelgiji, hakuna tendo la mfalme lenye nguvu ya kisheria bila sahihi ya waziri anayebeba wajibu wake. Hata hivyo, sheria inahitaji idhini ya mfalme kabla ya kutangazwa rasmi. Kwa desturi, idhini hiyo haikataliwi, ili mfalme abaki juu ya ushindani wa vyama, hasa katika nchi yenye jamii za lugha tatu.

Mwishoni mwa mwezi Machi 1990, Bunge la Ubelgiji lilikamilisha kupitisha sheria iliyoruhusu utoaji mimba kwa masharti fulani. Mfalme Baudouin, aliyetamani sana watoto bila kujaliwa kupata hata mmoja, alimwandikia Waziri Mkuu Wilfried Martens kwamba dhamiri yake haimruhusu kuidhinisha sheria hiyo. Aliuliza kama ni haki yeye peke yake, kati ya raia wote wa Ubelgiji, alazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri katika jambo la msingi kiasi hicho. Lakini pia hakutaka kuzuia utendaji wa taasisi za kidemokrasia, akaomba itafutwe njia ya kisheria.

Njia ilipatikana katika kifungu cha Katiba kinachohusu mfalme asiyeweza kutawala, kilichowahi kutumika mwaka 1940 baba yake, Mfalme Leopold III, alipokuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Mawaziri wakatangaza kwamba mfalme hawezi kutawala, wakaiidhinisha sheria kwa pamoja, na tarehe 5 Aprili 1990 Bunge likamrudishia madaraka yake.

Wapo waliosema kwamba huo ulikuwa ujanja wa kisheria, na wengine kwamba hakuokoa uhai wa mtoto hata mmoja. Hoja hizi hazipaswi kupuuzwa. Hata hivyo, Baudouin hakutumia kiti cha enzi kuwalazimisha wananchi, wala hakuikana dhamiri yake ili kukilinda kiti hicho. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wake wa kitume “Evangelium vitae” wa mwaka 1995, anafundisha kwamba mbele ya sheria zinazohalalisha utoaji mimba, mwamini ana wajibu mzito wa kuzipinga kwa njia ya dhamiri. Wajibu huo haupimwi kwa ushindi peke yake.

Msimamo wa namna hii una gharama. Mwezi Desemba 2008, Henri, mtawala wa Luxembourg, alitangaza kwamba hataidhinisha sheria ya kifo laini. Katiba ikabadilishwa, na tangu mwaka 2009 mtawala wa nchi hiyo anatangaza sheria tu, bila kuombwa idhini yake.

Kwa wasomaji wetu wa Kongo, jina la Baudouin linabeba pia kumbukumbu nyingine. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, akiwa Leopoldville, mfalme huyo aliisifu kazi ya Leopold II, ambaye utawala wake uliwatesa na kuwaua watu wengi wa Kongo. Patrice Lumumba alimjibu papo hapo kwa kuyataja mateso ya wananchi wake. Mchakato wa Kanisa hauna budi kuupima ukweli huu pia, kwani dhamiri inahitaji kulelewa daima, ili iuone utu wa mtoto aliye tumboni na utu wa mtu aliyetawaliwa na wageni kwa jicho lilelile.

Ndugu msomaji, wengi wetu hatutavaa taji kamwe. Lakini hakimu, muuguzi, mhasibu na diwani hutia sahihi kila siku, na mara nyingi husikika wakisema: “Mimi natekeleza tu.” Hata mahali ambapo Katiba imemwachia mtu kalamu tu, Mwenyezi Mungu bado anamdai hesabu ya mkono unaoishika. Tuwaombee viongozi wetu, nasi kila mmoja aisome karatasi iliyo mbele yake kabla ya kutia sahihi.