Vijana, Maombi ya Ualimu Jazeni Wenyewe



Zamani ukimaliza chuo cha ualimu Serikali inakupangia shule, unabeba sanduku, unaripoti. Siku hizi siyo hivyo. Maombi yanapelekwa kwenye mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, na mwaka 2025 walimu walifanyiwa usaili.

Sasa kijana anamwachia mwenye duka la kompyuta vyeti vyote, anasema, "Nijazie tu." Hiyo haifai. Mwenye duka anaijua kompyuta, wewe hakujui. Namba ya siri anabaki nayo yeye. Ukiitwa kwenye usaili, nani atakuambia?

Maelezo yako yaandike kwanza kwa kalamu, hapa hapa kijijini: umesoma wapi, mwaka gani, unafundisha masomo gani, umejitolea shule ipi, wadhamini watatu na simu zao. Mpelekee mwalimu wa shule yetu ayasome. Barua itie sahihi. Peleka vyeti vyenyewe, maana karatasi ya matokeo ya kidato cha nne haipokelewi. Kama jina la kwenye cheti na la kitambulisho cha NIDA yanatofautiana, muone wakili mapema, usingoje siku ya mwisho.

Mwenye duka mlipe kazi ya mashine tu. Anayetaka hela ili "alisukume jina lako" ni mwizi, kuomba ni bure.

Wazazi wa Mang'ula tumeuza mpunga na miwa kuwasomesha. Jasho hilo lisipotee kwa uvivu wa karatasi. Shime vijana!