Nilidhani mwanangu anabeti, kumbe anatengeneza tovuti

Mzazi mwenzangu, wiki hii naanza kwa kukiri kosa.

Ilikuwa usiku wa manane, likizo ya Juni. Hapa kwetu Ruanda, wilayani Mbinga, saa hizo hata malori ya makaa ya mawe yamepungua barabarani. Niliamka kukagua milango nikaona mwanga chumbani kwa mwanangu wa kidato cha tatu. Nikafungua bila kubisha hodi. Alikuwa ameinamia ile simu yangu ya zamani, hedifoni masikioni. Aliponiona akaifunika kwa shuka.

Kwangu mimi, shuka lile lilikuwa ushahidi tosha. Nikamnyang'anya simu. Asubuhi, mbele ya mjomba wake na majirani wawili waliokuja kunywa chai, nikatangaza kwamba kijana huyu anabeti. Hakujibu neno. Kwa siku nne alichota maji, akalisha kuku, akala na kulala, bila kunisemesha.

Aliyenifungua macho ni mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Lituhi. "Mume wangu habeti," akaniambia, maana ndivyo anavyomwita mjukuu wake. "Ananitafutia mganda."

Nikamwita kijana. "Ulikuwa unafanya nini usiku?"

"Najifunza kukodi, mama."

"Kukodi nini, bodaboda?"

Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza. Akanieleza kuwa ni kuandika maelekezo ambayo simu au kompyuta huyasoma na kuyageuza kuwa ukurasa wa tovuti. Lugha anayoanza nayo inaitwa HTML. Unaweka alama ya kufungua, unaandika maneno yako, kisha unaweka alama ya kufunga. Ukisahau kufunga, mambo yanaharibika. Siku moja ukurasa wake wote ulikuwa herufi nene kwa sababu ya alama moja tu aliyoisahau. Usiku ule nilipomkuta, alikuwa ametumia saa mbili kutafuta kwa nini simu inamwonyesha maandishi yake yalivyo badala ya ukurasa. Kumbe faili lilijihifadhi kwa jina linaloishia na txt badala ya html.

Nilimuuliza bando linatoka wapi. Akanionyesha kuwa kuandika na kujaribu ukurasa hakuhitaji intaneti, kwani faili hufunguka ndani ya simu yenyewe. Bando analihitaji kusoma masomo, na yapo ya bure. Teknolojia yenyewe pia ni ya bure. Tim Berners-Lee aliibuni mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kikaiachia dunia nzima bila malipo. Ndiyo maana mtoto wa Ruanda haombi kibali kwa mtu.

Sasa mganda umeingiaje? Alihitaji kitu cha kuweka kwenye ukurasa wake, akaamua kuweka muziki wa kwetu. Alipotafuta, wa kwanza kumpata alikuwa marehemu Kapteni John Komba, aliyekuwa mbunge wa Mbinga Magharibi. Akaendelea kuchimba hadi akakutana na habari za Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo, na akarekodi pia ng'ambo ya ziwa, Malawi ya leo. Maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954 ipo hadi sasa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Kutoka hapo akafika kwenye malipenga ya Malawi: wanaume wamejipanga mistari kama askari, wanapuliza vibuyu vinavyolia kama tarumbeta. Akamsikilizisha bibi yake. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Hii si ya kwetu, lakini ni ndugu yake." Akaeleza jinsi kaka yake alivyokuwa akiongoza mganda kijijini, na yeye mwenyewe alivyocheza kioda na wanawake wenzake. Kijana akatafuta mganda wa kijiji hicho. Hakuupata.

"Basi imba wewe, bibi," akamwambia. Nyimbo mbili zikaingia kwenye simu ile ile niliyoificha kabatini. Miaka yangu yote nikiwa binti yake, sikuwahi kumwomba aniimbie.

Nimemrudishia kijana simu yake. Na kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu, nikawaalika watu wale wale kwa chai nikamwomba radhi mbele yao. Haikuwa rahisi. Mjomba wake aliona nimejishusha. Lakini jioni ile mwanangu alikuja jikoni mwenyewe, akakaa, akaanza kuongea.

Tumekubaliana mambo haya, huenda yakakusaidia nawe. Saa nne usiku simu inalala sebuleni, yangu ikiwemo. Bando ni la wiki, likiisha limeisha, anaendelea bila intaneti. Kwenye ukurasa haweki jina lake kamili, shule wala namba ya simu. Muziki wa watu wengine anauelekeza kwa kiungo tu, haupakii kama wake. Na sauti ya bibi haikuwekwa hadharani mpaka bibi mwenyewe alipokubali. Alikubali wimbo mmoja, wa pili akasema ni wa nyumbani.

Walipouweka mtandaoni, wimbo haukulia, ingawa kwenye simu ulikuwa unalia vizuri. Siku mbili kijana alihangaika. Kosa lilikuwa herufi moja: faili liliitwa Bibi kwa herufi kubwa, na yeye aliandika bibi kwa herufi ndogo. Safari hii nilikuwa nimekaa pembeni yake, na mimi ndiye niliyeliona.

Mzazi mwenzangu, kabla hujanyang'anya simu, vuta kigoda ukae. Muulize, "Nionyeshe unachofanya." Ukikuta anabeti, utakuwa umejua kwa macho yako. Ukikuta ni kitu kingine, hutahitaji kuwaita majirani chai mara ya pili.

Tukutane wiki ijayo.