Salamanda Ubaoni, Chura Dirishani

Miongoni mwa masomo niliyopata kuyatazama wakati wa mazoezi ya kufundisha, lipo moja ambalo halijanitoka akilini. Mada ilikuwa amfibia. Mwalimu-mwanafunzi alikuwa amejiandaa vyema. Andalio lake la somo lilikuwa nadhifu, na ubaoni alikuwa amechora kwa chaki za rangi mnyama mwenye mkia mrefu, miguu minne mifupi, na madoa ya manjano juu ya ngozi nyeusi. Alipouliza huyu ni mnyama gani, darasa zima likajibu kwa sauti moja: mjusi. Akasahihisha kwamba ni salamanda. Ndipo mtoto mmoja wa dawati la nyuma akauliza salamanda huonekana wapi. Mwalimu akatazama kitabu, kisha akasema muda hautoshi, tuendelee. Nje ya dirisha, katika shimo palipochimbwa udongo wa matofali, vyura walikuwa wakilia tangu asubuhi.

Swali la mtoto yule lilistahili jibu. Salamanda, pamoja na jamaa zao wapendao zaidi maji waitwao nyuti, ni zaidi ya aina 700, na makao yao ni Ulaya, Asia na mabara mawili ya Amerika. Katika Afrika wako kaskazini tu, katika nchi kama Moroko, Aljeria na Tunisia. Kusini ya Sahara hawapo kabisa. Wameingia katika masomo yetu kwa njia ya vitabu vya Ulaya na Marekani, ambako watu wengi huwafuga majumbani, na walimu wengine darasani, katika chombo cha kioo.

Desturi hiyo si ya kudharauliwa. Mwaka 1864 salamanda wa Meksiko waitwao aksolotli, 34 kwa idadi, walifikishwa Paris wakiwa hai. Sita kati yao alipewa mtaalamu Auguste Duméril. Aksolotli hubaki na matamvua yake nje ya shingo maisha yake yote, akaishi majini hata akiwa mzee. Wale wa Duméril walizaa, na baadhi ya watoto wao, kinyume cha matazamio yote, wakapoteza matamvua na kutoka majini. Jambo hilo halikuwa limeandikwa katika kitabu chochote alichokuwa nacho. Alilipata kwa kufuga na kutazama kila siku. Hiyo ndiyo faida ambayo mchoro wa chaki hauwezi kumpa mtoto, hata uwe mzuri namna gani.

Lakini desturi hiyo hiyo imeleta msiba, na mwalimu hana budi kuufahamu. Amfibia huvuta hewa na maji kupitia ngozi. Ngozi ikiugua, mwili mzima umeugua. Kuanzia mwaka 2008 au karibu na hapo, huko Uholanzi, salamanda wa madoa ya manjano, yule yule aliyechorwa ubaoni siku ile, walianza kuokotwa msituni wakiwa maiti. Kufikia mwaka 2013 zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wametoweka, na mwaka huo huo wataalamu wakaitambulisha kuvu inayokula ngozi ya salamanda. Baadaye walihitimisha kwamba asili yake ni Asia, na kwamba biashara ya wanyama wa kufugwa ndiyo iliyoifungulia njia. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa aina 201 za salamanda. Uingereza nayo, tangu sheria ya mwaka 1981, haimruhusu mtu kumchukua bila kibali nyuti mkubwa mwenye kishungi, hata awe mwalimu mwenye nia njema.

Nimepata kuulizwa na wanachuo kama haifai kuagiza aksolotli mmoja kwa ajili ya maabara ya chuo. Jibu langu ni kwamba haifai. Anataka maji ya baridi, chini ya nyuzi 20 za sentigredi, jambo lisilowezekana Tanga wala Morogoro pasipo mashine. Lakini hata kama mashine ingepatikana, bado pangebaki swali lililo kubwa zaidi: siku tukimchoka, tutampeleka wapi? Kiumbe ambacho darasa haliwezi kukirudisha kilikotoka, darasa lisikifuge. Hicho ndicho kipimo ninachokitetea hapa.

Kwa kipimo hicho kiluwiluwi wa chura wa kwetu anafaa kabisa. Na akilinganishwa na picha ya salamanda, picha yenyewe hupata maana. Watoto wataona miguu ya nyuma ya kiluwiluwi ikijitokeza kwanza. Waambiwe kuwa mtoto wa salamanda huanza na ya mbele. Wataona mkia ukinywea siku baada ya siku, salamanda haupotezi. Matamvua ya kiluwiluwi hufunikwa na ngozi mapema, ilhali ya mtoto wa salamanda hubaki nje kama manyoya hadi atakapobadilika. Hapo hakuna mtoto atakayesema tena mjusi.

Hata hivyo ufugaji huu una adabu zake, nami nilijifunza kwa aibu. Nilipokuwa kijana kazini niliwatuma wanafunzi wangu wakaleta viluwiluwi zaidi ya mia, tukawatia katika ndoo kuukuu ya rangi na kuiacha uani siku ya Ijumaa. Jumatatu ndoo ilikuwa inanuka. Watoto hawakunilaumu, mmoja alimwaga tu yale maji nyuma ya choo, tukaendelea na hesabu. Ile hali ya kuendelea ndiyo inayonisumbua hadi leo.

Viluwiluwi kumi katika beseni pana wanatosha. Liwekwe kivulini, liwe na maji ya kidimbwi kile kile walimotolewa, na sehemu yake ibadilishwe kila baada ya siku mbili. Mchicha uliochemshwa na kupondwa huwafaa, lakini masalio yaondolewe kabla hayajaoza. Miguu ya mbele ikitokeza, liwekwe jiwe linalochomoza juu ya maji, maana sasa wanatumia mapafu na wanaweza kuzama. Mikono ioshwe kabla na baada, kwani jasho na sabuni huwadhuru wao, na ngozi za vyura wengine zina sumu. Hatimaye warudishwe kwenye kidimbwi kile kile, wala si kingine kilicho karibu na shule.

Wako watakaosema kwamba, kwa hatari hizi zote, heri tusifuge chochote. Nawajibu kwa habari ya Kihansi. Chura mdogo wa huko, asiyefikia sentimita 3, alijulikana mwaka 1996 katika rasharasha za maporomoko ya mto huo, milimani Udzungwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, rasharasha zikapungua. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani. Wengi walikufa kabla watunzaji hawajajua namna ya kuwatunza. Kwenye maporomoko kwenyewe, ugonjwa wa kuvu ulionekana mwaka 2003, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2010 vyura 100 wakarejeshwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiwa huko kwao. Wamekuwapo kwa sababu kuna waliojua kuwafuga, na waliojua mahali pa kuwarudisha.

Chura huyu hatagi mayai wala hana kiluwiluwi. Huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura. Viluwiluwi wa darasa wakisharudishwa kidimbwini, somo linalofuata laweza kuanzia hapo.