Inaoza Wapi?

Neno "inaoza" limegeuka cheti cha usafi. Likishachapwa kwenye mfuko, hata watu wenye shahada zao huacha kuuliza. Plastiki ya zamani ilikuwa adui, hii mpya ni rafiki wa mazingira, mjadala umefungwa. Mimi naufungua. Sina ugomvi na maabara iliyoitengeneza plastiki hiyo. Nina ugomvi na sisi tunaoipokea bila kuuliza maswali ambayo bibi yeyote anayefukia maganda ya ndizi shambani anayajua: inaoza wapi, kwa muda gani, na ikishaoza kinabaki nini?

Nayauliza nikiwa na Korogwe na Handeni akilini, kwa sababu hoja zetu nyingi za mazingira huandikwa kana kwamba Tanzania nzima ni Masaki. Korogwe ni mji wa barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Basi likisimama, machungwa, mahindi ya kuchemsha na maji ya chupa hupandishwa dirishani, na karibu kila kitu kimefungwa kwa kitu. Handeni ni nchi ya mahindi na mifugo, inayojua ukame, na kwa miaka mingi maji yake yamevutwa kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe. Kwa hiyo taka ya Korogwe si shauri la Korogwe peke yake.

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa rambo ni marufuku Tanzania Bara. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006. Ilikuwa hatua njema. Lakini tazama kilichokuja badala yake. Ule mfuko mbadala unaofanana na kitambaa, unaouzwa kila soko, kwa kawaida ni polipropilini: nyuzi za plastiki zilizogandishwa pamoja kwa joto. Unadumu na unarudiwa kutumika, hilo nalikubali, ila kitambaa si kitambaa. Vile vifungashio laini vya karanga navyo vimepandishwa cheo vikawa vibebeo, ingawa NEMC imerudia kuonya kwamba kifungashio si kibebeo. Katika pengo hilo ndipo hoja tamu inapoingia: turuhusu mifuko ya plastiki inayooza, na kila mtu atabaki salama.

Ipi, lakini? Jina moja linafunika vitu visivyo ndugu. Ipo plastiki ya kawaida ya mafuta ya petroli iliyotiwa kemikali ili jua na hewa viivunjevunje. Hiyo mara nyingi hupukutika tu, ikawa chembe usizoziona, na kutoonekana si kuoza. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku sokoni kwake kuanzia Julai 2021. Ipo pia plastiki inayotengenezwa kwa sukari ya mahindi au miwa, iitwayo PLA kwa kifupi. Ina faida ya kutotegemea petroli kama malighafi, na kweli huoza, lakini kwa masharti. Na zipo nyingine zilizotokana na petroli zinazoweza kuliwa na vijidudu hadi zikaisha. Kwa hiyo "imetokana na mimea" na "inaoza" ni sentensi mbili tofauti, na muuzaji anapozichanganya hachanganyi kwa bahati mbaya.

Masharti yenyewe ni haya. Kipimo cha Ulaya cha vifungashio vya kugeuzwa mboji, EN 13432, kinadai asilimia 90 ya kaboni ya kitu igeuke hewa ya ukaa ndani ya miezi sita, katika mazingira ya mtambo wa mboji: unyevu, hewa ya kutosha na joto la takriban nyuzi 58. Mtambo wa namna hiyo unaopokea mifuko ya sokoni uko wapi kati ya Korogwe na Handeni? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walichapisha matokeo ya kufukia mifuko ardhini, kuizamisha baharini na kuiacha hewani kwa miaka mitatu. Mfuko ulioandikwa kwamba unaoza bado uliweza kubeba manunuzi baada ya kukaa miaka hiyo ardhini na baharini. Ule wa mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, lakini ardhini ulikuwa bado upo baada ya miezi 27, ingawa haukuweza tena kubeba kitu bila kuchanika.

Sasa uhamishie mfuko huo Handeni, kwenye ardhi inayopasuka wakati wa kiangazi. Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji maji kama sisi. Ng'ombe akiumeza, tumbo lake lina joto la nyuzi 39 hivi, si 58. Ukichomwa nyuma ya nyumba na taka nyingine, hautakuwa umeoza hata chembe. Kibaya zaidi, maandishi yale yanamnong'oneza mtupaji: tupa tu, utaoza wenyewe. Rambo angalau haikuwahi kumdanganya mtu.

Je, plastiki hizi hazina faida? Zinazo, na anayezikana zote anasema uongo mwingine. Nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka mwilini ni ndugu zake, na zimemwokoa mgonjwa kurudi kukatwa. Shambani nako kuna nafasi halisi. Kwa turubai jembamba la kufunikia udongo kipo kipimo chake, EN 17033, kinachodai asilimia 90 igeuke hewa ya ukaa ndani ya miaka miwili, udongoni, kwa joto la kawaida la nyuzi 25 hivi. Fikiria sasa viriba vyeusi vya vitalu vya miche: mkulima anavichana, anapanda, na kiriba kinabaki shambani miaka nenda rudi. Kiriba kilichopimwa kwenye udongo wa kwetu, masika na kiangazi, kingekuwa na kazi ya kufanya. Kitu kinachoishia udongoni kipimwe udongoni. Mfuko wa sokoni hauna mwisho unaojulikana, na ndiyo maana ahadi yake haina mdhamini.

Hasira yangu kubwa, hata hivyo, iko kando ya barabara ileile. Kutoka Hale hadi Magoma, Korogwe ni nchi ya mkonge. Mmea huo uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za nyuzi zake. Kisha soko likaanguka. Usimamizi mbovu baada ya mashamba kutaifishwa ulichangia, lakini pigo kubwa lilitoka kwa kamba na magunia ya polipropilini yaliyouzwa kwa bei ya kutupa. Plastiki iliuua mkonge, na leo plastiki hiyohiyo, imebadili shati, inataka kutuuzia kuoza. Kuoza tulikuwa nako!

Tena Korogwe inajua kuoza ni kazi. Korona huchukua nyuzi ambazo ni sehemu ndogo tu ya jani, na mabaki yote yaliyosalia yalikuwa taka. Miaka ya 2000 pale Hale ulijengwa mtambo wa kuyaozesha mabaki hayo ndani ya matangi, yatoe gesi ya kuzalisha umeme. Kuoza kwa maana kunahitaji tangi, fundi na bajeti. Hakuji kwa kuchapwa kwenye mfuko.

Najua jibu: mkonge ni ghali, na mama anayeuza nyanya za shilingi 500 hawezi kutoa kikapu bure. Kweli kabisa, wala simwombi. Mzigo huo tumemtwika yeye muda mrefu mno. Sheria ilimwekea anayekutwa na mfuko faini ya kuanzia shilingi 30,000, ambayo kwa mama huyo ni mafungu 60 ya nyanya. Aanze mwenye mfuko mpana: magunia ya mazao yanayonunuliwa kwa fedha za umma, kamba za halmashauri, vifungashio vya kampuni kubwa. Soko hilo likiwapo, bei ya mkonge itashuka hadi kumfikia mama.

Na kwa wanaotaka kuingiza plastiki inayooza, sharti liwe moja: neno "inaoza" lisiruhusiwe kusimama peke yake. Liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: inaoza wapi, kwa joto gani, kwa muda gani, na mtambo ulio karibu uko wilaya ipi. Asiyeweza kuutaja mtambo huo ameleta plastiki tu, na plastiki tayari ina sheria yake.