Namba ya simu si anwani ya mtu

Haya, nimerudi. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na wengine mlishaanza kuniuliza kama nimeuza kompyuta nikaenda kulima. Bado nipo, ndugu zangu. Ila leo nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Wiki mbili zilizopita rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye sayansi ya kompyuta darasa moja, alinialika chai mjini. Alikuja na kipakatalishi na slaidi 14. Ana wazo: apu ya kuwaunganisha wastaafu waliosoma chuo pamoja. Kila mzee atakuwa na ukurasa wake, picha ya ujanani na ya sasa, kalenda ya siku za kuzaliwa, na ramani ya nani anaishi wapi. Alitaka niandike upande wa seva, naye anigawie hisa katika kampuni ambayo bado haijasajiliwa. Slaidi ya 12 ndiyo iliyonichoma. Ilikuwa ya mapato: matangazo ya bima ya afya na ya vipande vya ardhi.

Nilimwambia nitamjibu. Jibu lenyewe ni hili, na nalitoa hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake. Kila mwaka kuna kijana mwenye kompyuta anayegundua kwamba baba yake ana marafiki.

Mimi pia nilikuwa kijana huyo, kwa hivyo nikianza kurusha mawe jueni na kwangu ni vioo. Mwaka 2021 nililitengenezea darasa la baba tovuti nzima. Ilikuwa na nywila, ilikuwa na namba ya kuthibitisha inayotumwa kwa ujumbe mfupi, ilikuwa na kila kitu nilichokuwa nimejifunza. Kati ya wazee 61, waliofaulu kuingia ni 9. Mmoja alinieleza kwa upole kwamba ile namba ya kuthibitisha ilikuwa ikienda kwenye simu ya mjukuu wake, na mjukuu yuko shule ya bweni. Niliifunga tovuti baada ya miezi michache na nikajiambia tatizo ni wazee hawajui teknolojia. Hilo ndilo jambo la kijinga zaidi nililowahi kujiambia, na sasa nitawasimulia nilivyojua.

Baba alizaliwa 1960, akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi 1981 kusomea hisabati. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga wakajaribu kuipindua serikali, na chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hebu fikiria: darasa zima la vijana wa miaka ishirini na kitu, kila mmoja amerudishwa kwao, na hakuna anayejua kama chuo kitafunguliwa ama ndiyo basi. Walichokuwa nacho ni Posta. Baba alikuwa akiandikiana na mwenzake wa chumba kimoja, ambaye darasa lote lilimwita Mtaita. Barua za baba zilikwenda kwa sanduku la shule ya msingi moja huko Wundanyi. Za Mtaita zilikuja kwa sanduku la kanisa letu, Machakos.

Chuo kilipofunguliwa 1983, redio ya babu haikuwa na betri, na magazeti yalikuwa yakifika kijijini yakiwa yamefunga nyama. Baba alijua kwa barua ya Mtaita. Anasema kama si barua ile angeishia nyuma ya kaunta ya duka la mjomba wake, na mimi leo pengine nisingekuwepo kuwapigia kelele.

Turuke miaka. Baba akawa mwalimu wa sekondari. Mwaka 2009 serikali ilisogeza umri wa kustaafu kutoka 55 hadi 60, kwa hiyo yeye na wengi wa rika lake wakaangukia 2020. Mnaikumbuka 2020. Shule zikafungwa Machi, Aprili ikawa hakuna kuingia wala kutoka Nairobi, na mazishi yakawa ya watu 15. Mzee alifundisha miaka 35 akastaafu bila hata soda ya kuagwa.

Hapa kuna jambo ambalo sisi tulio kazini hatulioni. Kazi ni anwani. Kwa miaka yote ile ukimtafuta mwenzako wa darasani ulikuwa unajua yuko shule fulani, wizara fulani, benki tawi fulani. Ungeweza kumuulizia getini. Hata akihamishwa, aliyemrithi kiti alijua amepelekwa wapi. Siku anayostaafu, yote hayo yanafutika kwa mpigo mmoja. Anahama nyumba ya kazini, anarudi mashambani au anakwenda kuishi kwa watoto, na kwenu nyote anabaki kuwa tarakimu kumi kwenye simu.

Basi wazee wakaanzisha kundi la WhatsApp. Picha za maua na "asubuhi njema", mahubiri, dawa za kienyeji za Korona, siasa. Kila mmoja akaona sasa yuko karibu na wenzake. Mtaita alikuwemo, kimya kama kawaida yake, akiandika mara moja kwa wiki.

Aprili 2022 Mtaita alifariki. Kundi halikujua.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo panapotuhusu sisi wa kompyuta. Kwenye kundi la WhatsApp, alama ya pili ya tiki hutokea pale tu ujumbe unapofika kwa kila mwanachama. Simu moja ikizimwa, tiki inabaki moja. Kwa hiyo kuanzia Aprili kila ujumbe wa darasa lile ulikuwa ukisema, kila siku, kwamba kuna mmoja wenu hajafikiwa. Lakini katika watu 61 siku zote kuna wa simu mbovu au asiye na bando. Wazee walikuwa wameshazoea tiki moja.

Halafu kuna kanuni nyingine, nayo imeandikwa wazi kwa yeyote anayetaka kusoma: akaunti isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Akaunti ikifutwa, mwenyewe hutolewa kwenye makundi, na siku hizo kundi liliona yale maandishi madogo kwamba fulani ameondoka. Hesabuni wenyewe kutoka Aprili. Tunaangukia Agosti 2022, wiki ya uchaguzi mkuu, wakati kundi lilikuwa linawaka moto. Mtaita ameondoka! Kwa Kiswahili chetu neno hilo lina maana mbili, na wazee wakachagua isiyokuwa. Mmoja akaandika kwamba watu wazima hawapaswi kukasirikia siasa. Mwingine akasema aachwe apoe. Baba naye aliumia, maana aliona rafiki yake angalau angemuaga, akanyamaza naye kwa miezi minne.

Desemba akashindwa kuvumilia, akapiga simu. Akapokea kijana. "Samahani mzee, hii laini ni yangu, nimeinunua juzi." Namba ilikuwa imelala miezi kadhaa, kampuni ya simu ikaiuza upya kama inavyofanya kwa laini zote zilizolala. Kijana hana kosa.

Baba hakuwa na namba nyingine yoyote ya kwa Mtaita. Mke wake alimjua kwa sura, watoto kwa majina ya utani. Alichokuwa nacho ni anwani ya 1983. Akapanda basi la Mombasa, akashuka Voi, akapanda matatu ya Wundanyi, akaenda mpaka getini kwa ile shule ya msingi na kumtaja mtu wake. Mlinzi akamtazama, akaita mwanafunzi mmoja ampeleke. Kutoka getini hadi kaburini ilikuwa mwendo wa dakika kumi.

Mjane akamwambia, bila kumlaumu, kwamba siku ya mazishi walijiuliza mbona hakuna hata mtu mmoja wa chuo. Walitaka kutujulisha, alisema, lakini simu ya marehemu ilikuwa na namba ya siri na hakuna aliyeijua.

Sasa turudi kwa rafiki yangu na slaidi zake.

Kaka, anwani ya 1983 ilifanya kazi 2022. Namba ya simu ilikufa ndani ya miezi minane. Hiyo si bahati, ni muundo. Sanduku la shule halikuwa la Mtaita, lilikuwa la watu wanaomjua Mtaita. Ukimkosa yeye unampata mwalimu, mzee wa kanisa, jirani, mtoto wa jirani. Namba ya simu ni ya mtu mmoja, nayo imefungwa kwa kidole chake. Akizikwa inazikwa naye, au mbaya zaidi, inafufuka mfukoni mwa mtu mwingine. Na sisi wasomi wa hifadhidata tumeichukua namba hiyo tukaifanya ufunguo mkuu wa binadamu! Tungefanya hivyo kwenye mtihani wa mwaka wa pili tungepewa sifuri: usitumie kama kitambulisho kitu ambacho kesho kitakuwa cha mtu mwingine. Ukurasa wa wasifu wenye picha mbili hautaponya hilo. Apu yako ingemtakia Mtaita heri ya siku ya kuzaliwa akiwa kaburini.

Utasema apu yako itakuwa bora. Itaishi miaka mingapi? Yahoo Groups ilikuwa nyumba ya makundi yasiyohesabika ya watu waliosoma pamoja. Kumbukumbu zake zikafutwa Desemba 2019 na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa kabisa. Google+ ilizimwa Aprili 2019. Hao walikuwa na pesa. Wewe una slaidi 14. Facebook yenyewe ilianzia Harvard Februari 2004 ikiwa orodha ya wanafunzi wa chuo kimoja, na kila mtu anajua orodha ile iliishia kuuza nini.

Na hayo matangazo. Mstaafu wa Kenya hupata sehemu ya pensheni yake kwa mkupuo. Mtu akikuletea orodha ya watu waliostaafu majuzi, wanaofahamiana, wenye imani kwa kila kinachotoka kwa mwenzao wa darasani, amekuletea kile ambacho kila tapeli wa mashamba hewa anakitafuta usiku na mchana. Utaniambia utachuja watangazaji. Utawachuja na nani, wewe na mimi saa tano za usiku?

Wengine walinipinga kutoka upande wa pili, wakasema kuandika namba za wake na watoto za watu ni kukiuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hoja hii naiheshimu. Ndiyo maana tuliuliza kwanza. Mama mmoja wa darasa lile, mhasibu mstaafu anayekaa nusu ya mwaka Kisii na nusu nyingine kwa binti yake Marekani, alipiga simu moja baada ya nyingine akaomba ruhusa, kwa mzee mwenyewe na kwa yule atakayeandikwa. Wawili walikataa, hawakuandikwa.

Tulichotengeneza hakistahili hata kuitwa programu. Ni faili la maandishi matupu, linalofunguka kwenye kompyuta yoyote ya miaka arobaini iliyopita na nadhani ya arobaini ijayo. Jina, kijiji na kituo cha matatu cha kushukia, shule, kanisa au msikiti ambako ukimtaja atajulikana, kisha watu wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja asiye wa nyumbani. Limechapishwa nakala tatu kwenye karatasi. Nakala moja iko Marekani kwa miezi hii. Kila mzee ana wenzake wawili wa kupigia mwanzo wa mwezi, kwa sauti, si ujumbe.

Nimesikiliza baadhi ya simu hizo. Hazifanani hata kidogo na kundi. Kumbe yule wa Kitale wa kuku alishaacha kuku zamani, goti lilimshinda, na kwenye kundi alikuwa akisambaza maua tu. Kumbe mwingine alifiwa na mke na hakutaka mchango utangazwe. Mzee huambiwa na rika lake mambo ambayo hatayaandika mbele ya watu 60.

Kwa hiyo hapana, kaka, sitaandika seva. Chai nitanunua mimi safari ijayo.

Orodha bado ina kasoro: wanne hawana jina kwenye safu ya mwisho, yule mtu asiye wa nyumbani. Baba anawapigia Jumapili hii, nami naenda Machakos kumsomea namba, kwa sababu miwani yake ameikalia tena.