Msimtazame kwotabeki peke yake
Mwandishi, umemkazia macho kwotabeki wa Ohio State tu. Sawa, Ohio State ilitoa wachezaji 14 kwenda NFL mwaka 2025 na Will Howard ni mmoja wao, lakini huyo Howard alipohamia kutoka Kansas State si tulimbeza humu humu? Akaleta ubingwa wa vyuo, 34-23 mbele ya Notre Dame. Mimi nahofia yale majabali ya mbele yanayomkinga kwotabeki. Oktoba 2024 Josh Simmons, mmoja wao, aliumia goti kule Oregon, Novemba senta Seth McLaughlin akakatika kano ya kisigino, halafu Michigan wakatufunga 13-10 nyumbani. Siku hiyo nilikuwa zamu ghalani hapa Columbus, simu mfukoni, sikio moja kwenye mchezo. Nilipakia maboksi kwenye lori lisilo lake! Aliyeziba pengo la Simmons ni Donovan Jackson, na mwaka 2025 wote wawili walichukuliwa na NFL raundi ya kwanza. Na wewe msomaji uliyesema mpokeaji Jeremiah Smith anatosha, mpira utamfikiaje mrushaji akiwa kalala chini? Texas walikuja Agosti 30, 2025, hao wapya waliochukua nafasi zao wangezoeana lini?