Damu ya Dada Zetu na Haki ya Mezani

Sura ya tano ya Injili ya Marko inawaweka pamoja wanawake wawili. Mmoja amepoteza damu kwa miaka 12, na mali yake yote imeishia kwa waganga. Mwingine ni binti wa Yairo, msichana wa miaka 12. Yezu anamponya wa kwanza na kumfufua wa pili. Kisha anawaagiza watu wa nyumbani wampe binti chakula. Agizo hilo tumezoea kulipita haraka. Leo tusimame hapo.

Katika parokia zetu, kutoka bonde la Ruzizi hadi Kalundu na Makobola, tunawaona wasichana wanaochoka kabla ya adhuhuri, wenye kizunguzungu, midomo na viganja vimepauka. Wengine huitwa wavivu. Wengine husemwa wametiliwa sumu. Mara nyingi ni damu iliyopungua. Damu huhitaji madini ya chuma ili ifikishe hewa safi katika kila kiungo, na msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi. Ndiyo maana wataalamu wa lishe humkadiria miligramu 15 za chuma kwa siku, na mvulana wa umri wake miligramu 11. Malaria na minyoo huzidisha upungufu huo. Akishika mimba katika hali hiyo, maisha yake na ya mtoto huwa hatarini.

Sasa tutazame sahani. Ndagala zikiwa chache, nani huzipata? Baba na wageni, kisha wavulana. Msichana aliyeteka maji, akatwanga sombe na kusonga ugali, mara nyingi huachiwa mchuzi. Ugali wa muhogo hushibisha, lakini chuma chake ni haba. Basi mwenye haja kubwa kuliko wote ndiye apewaye kidogo kuliko wote.

Tutajibiwa kwamba hiyo ni heshima ya mila, na kwamba kisa chenyewe ni umaskini. Umaskini hatuukani: vita vimewafukuza wengi mashambani, na samaki si rahisi kununua. Lakini umaskini unaeleza kwa nini chungu ni kidogo. Hauelezi kwa nini kinagawanywa namna hiyo. Na heshima inayomdhoofisha binti wa nyumba haiwezi kumpendeza Mungu.

Yapo yaliyo katika uwezo wetu. Ndagala huliwa nzima, na chache tu zikiwekwa katika maharage au lengalenga huusaidia mwili kupokea chuma cha mboga. Ndimu na pera husaidia vilevile. Chai hukizuia, basi inywewe baadaye, si pamoja na chakula. Mwenye dalili hizo aende kituo cha afya apimwe damu, maana kuna upungufu ambao chakula peke yake hakiwezi kuuponya. Mama mjamzito asiache vidonge vya chuma kwa sababu choo kimekuwa cheusi; hilo ni jambo la kawaida. Tumwombee mgonjwa, na tumsindikize akapimwe: sala haishindani na kipimo.

Ninyi wavulana, tunasema nanyi kwanza. Kila Kwaresima tunafundishwa kujinyima. Samaki unayemsogezea dada yako ni mfungo wa kweli, na hauhitaji kungoja Kwaresima. Nanyi viongozi wa vikundi, lizungumzeni jambo hili mkutanoni, wasichana wakiwapo na wakisikilizwa, pasipo kuona haya.

Kwenye altare sote twapokea Mwili uleule wa Kristu, wala hakuna apewaye zaidi kwa kuwa ni mwanaume. Tukirudi nyumbani kutoka Misa, sahani zetu zisikanushe kile tulichopokea.